Anayefuatiliwa ndiye anayelipia bando

*Kutoka Bunju hadi Bagamoyo, kila ukurasa wa intaneti unaofunguliwa huita kampuni ambazo msomaji hajawahi kuzisikia. Zana za kuzizuia zipo, tena bure. Tatizo ni kwamba nyingi haziingii kwenye simu zilizo mikononi mwa watu.*

Saa saba mchana, ndani ya steshenari moja jirani na stendi ya Bagamoyo, mama wa makamo anasubiri fomu ya mkopo wa elimu ya juu ya mwanawe. Mtandao unasuasua. Kijana wa duka, akiona mama amechoka kukaa, anamfungulia habari za siku hiyo kwenye tovuti ya gazeti.

Pembeni mwa habari linajitokeza tangazo la viwanja vilivyopimwa Mapinga. Chini yake kuna jingine: viwanja Kiharaka, malipo kwa awamu. Mama anauliza ni nani aliyewaambia watu hao kwamba yeye anataka kiwanja.

Hakuna aliyewaambia, na yeye hawamjui. Mteja wa asubuhi ndiye aliyekaa kwenye kiti hicho akipekua bei za viwanja. Kaondoka, lakini kivinjari kimebaki na alama zake, na kila anayeketi baada yake anaonyeshwa alichokuwa akikitafuta.

Safari hii ni viwanja. Angekuwa ametafuta mkopo wa haraka, au dawa, au wakili wa talaka, waliomfuata wangeweza kuisoma shida yake pembeni mwa habari za michezo.

Duka lina kompyuta mbili. Kwenye ile ya pili ukurasa uleule ulifunguka upesi, bila tangazo la kiwanja. Juu ya kivinjari palikuwa na ngao ndogo nyekundu yenye namba iliyopanda kadiri ukurasa ulivyojaa. Kila hesabu ilikuwa ombi moja lililotaka kutoka kwenda kwenye seva nyingine, likazuiwa.

Kijana hakuiweka ngao hiyo kwa kuogopa kutazamwa. Aliiweka kwa sababu intaneti ya duka inatoka kwenye simu yake, na bando lilikuwa likiisha kabla ya jioni.

Nauli ya abiria usiowajua

Ulaya na Marekani, mabishano juu ya vifuatiliaji huanza na kuishia kwenye faragha. Kwetu kuna jambo la pili, na kwa watu wengi wa mwambao huu ndilo linalouma kwanza: fedha.

Watu wengi hapa hununua bando la siku au la wiki. Kila kitu ambacho ukurasa unakivuta hukatwa humo: habari uliyoitaka, picha yake, video ya tangazo usiyoiomba, na mistari ya programu ambayo kazi yake pekee ni kuripoti kwamba umefika. Ni kama kupanda daladala la Makumbusho–Bagamoyo ukatozwa nauli ya abiria watatu usiowajua, nao wakashuka pamoja nawe ili waandike umeingia nyumba gani.

Mzigo huo umewahi kupimwa. Mwaka 2015 gazeti la The New York Times lilipima kurasa za mbele za tovuti 50 za habari zinavyofunguka kwenye simu. Zaidi ya nusu ya data yote iliyovutwa ilikuwa ya matangazo na vitu vingine ambavyo zana za kuzuia huviondoa. Habari zenyewe zilikuwa sehemu ndogo.

> Kampuni inayokusanya taarifa zako haigharimii safari yake kutoka kwenye simu yako. Unaigharimia wewe.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba faragha ya mtandaoni ni anasa ya watu wenye nafasi. Mvuvi wa Mlingotini anayeangalia hali ya hewa na mwanafunzi wa Kerege anayetafuta matokeo yake wanalipa sehemu kubwa zaidi ya vipato vyao kwa kufuatiliwa kuliko mtu wa Stockholm ambaye intaneti ya nyumbani kwake haina kikomo.

Alama inayosafiri

Mwaka 1994 mhandisi wa kampuni ya Netscape, Lou Montulli, alikuwa na tatizo dogo. Tovuti za wakati ule hazikuwa na kumbukumbu. Ukichagua kitu dukani na kufungua ukurasa wa pili, duka limekusahau. Akabuni faili fupi ambayo tovuti huiacha kwenye kompyuta ya mteja ili imtambue akirudi. Hicho ndicho kidakuzi, na kwa kazi hiyo ni chombo chema: bila hicho usingeweza kubaki umeingia kwenye barua pepe yako.

Mambo yaligeuka pale kampuni za matangazo zilipoanza kuweka vidakuzi vyao ndani ya kurasa za watu wengine. Ukifungua tovuti ya dalali wa viwanja, kipande cha kampuni ya matangazo kilichofichwa humo kinakupa namba. Ukifungua gazeti, kipande cha kampuni ileile kinaisoma namba hiyo. Dalali na gazeti hawajawasiliana, lakini aliye katikati yao ameuona mguu wako pande zote mbili.

Google ilitangaza mwaka 2007 kwamba inainunua moja ya kampuni za katikati, DoubleClick, kwa dola bilioni 3.1, na mwaka uliofuata ununuzi ukakamilika. Hiyo peke yake inaonyesha thamani ya kukaa katikati.

Vidakuzi si njia pekee. Kuna picha za nukta moja, zisizoonekana kwa jicho, ambazo ukurasa ukizivuta tu seva ya mbali inajua umefika. Kuna pia kutambuliwa kwa tabia za kifaa chenyewe: ukubwa wa kioo, lugha, aina za herufi, saa za eneo. Zikikusanywa pamoja zinaweza kukutofautisha na wengine hata ukifuta kila kidakuzi.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Steven Englehardt na Arvind Narayanan, walichapa matokeo ya kuzipima tovuti milioni moja. Aina ya tovuti iliyobeba vifuatiliaji vingi kuliko zote ilikuwa ya habari. Matokeo hayo yanatuhusu sisi waandishi moja kwa moja, na nitayarudia hapo mbele.

Wanaokinga mlango

Kiendelezi ni programu ndogo unayoiongeza kwenye kivinjari ili kipate uwezo ambao hakikuwa nao. Viendelezi vya kuzuia vifuatiliaji ni vingi, ila vichache vimejenga jina kwa miaka mingi.

Ngao nyekundu ya pale steshenari inaitwa uBlock Origin. Ilianzishwa mwaka 2014 na Raymond Hill, ambaye huitoa bure na hapokei michango ya fedha. Hufanya kazi kwa orodha: watu wa kujitolea duniani kote huandika anwani za seva za matangazo na ufuatiliaji kwenye orodha kama EasyList na EasyPrivacy, na kivinjari kikitaka kuziita, kiendelezi kinakataa.

Privacy Badger, iliyotolewa mwaka huohuo na shirika la kutetea haki za mtandaoni la Electronic Frontier Foundation la San Francisco, ilianza kwa njia nyingine. Yenyewe ilijifunza kwa kutazama. Ikiona mgeni yuleyule akimfuatilia mtu kwenye tovuti tatu tofauti, inamfungia mlango. Haina ugomvi na matangazo yasiyofuatilia.

Vivinjari vyenyewe havikubaki nyuma. Firefox ilianza mwaka 2019 kuzuia vidakuzi vya wafuatiliaji wanaojulikana bila mtumiaji kugusa chochote. Safari ya Apple ikavifunga kabisa vidakuzi vya wageni mwaka 2020. Google iliahidi Januari 2020 kwamba Chrome ingefanya hivyo ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango wa kuviondoa.

Kisha likaja lingine. Kuanzia 2024 Chrome imebadili kanuni za viendelezi vyake, na uBlock Origin kamili haifanyi kazi tena humo. Kilichobaki ni toleo lake jepesi, lenye nguvu pungufu. Google inasema kanuni mpya zinaongeza usalama na kasi, na ni kweli kwamba kanuni za zamani ziliwapa viendelezi vibaya nafasi kubwa mno. Lakini kampuni inayoishi kwa matangazo ndiyo yenye kivinjari kinachotumika zaidi duniani, na ndiyo inayopanga kizuizi cha matangazo kiwe na meno mangapi. Mgongano huo wa maslahi hauhitaji darubini.

Simu ndiyo kompyuta yetu

Hapa ndipo habari njema inapokwama. Ushauri mwingi wa faragha umeandikwa kwa mtu mwenye kompyuta ya mezani. Tembea kutoka Tegeta, Bunju, Mapinga, Zinga hadi Kaole, uhesabu kompyuta za mezani utakazoziona majumbani. Watu wanaingia mtandaoni kwa simu za Android, na kivinjari walichokikuta ndani ya simu ni Chrome. Chrome ya Android haipokei viendelezi vya aina hii.

Maana yake ni kwamba ngao ipo kwa mwenye ofisi, na haipo kwa muuza samaki, ingawa wote wawili wanafuatiliwa, na muuza samaki ndiye mwenye bando dogo.

Njia za kuzunguka zipo, na kwa kuwa hazijulikani sana nazieleza. Firefox ya Android inapokea viendelezi, ikiwemo uBlock Origin kamili. Unaipakua, unafungua menyu, unaingia sehemu ya viendelezi, unaongeza. Kivinjari cha Brave kina kizuizi ndani yake tangu kinapopakuliwa. Opera Mini, ambayo vijana wengi walianza nayo, hubana data na kuzuia matangazo, lakini hubana kwa kupitisha kurasa kwenye seva za kampuni yenyewe, hivyo umepunguza matumizi na kumkaribisha msimamizi mmoja mpya.

Njia nyingine iko ndani ya mipangilio ya Android tangu toleo la 9 la mwaka 2018. Inaitwa DNS ya faragha; DNS ni huduma ambayo simu huiuliza anwani ya seva kabla ya kuiita. Ukiweka humo anwani ya huduma inayochuja, kama ile ya AdGuard, seva nyingi za matangazo na ufuatiliaji zinakosa njia ya kuitwa, hata kutoka ndani ya programu nyingine za simu. Haichuji kwa ustadi wa kiendelezi, lakini inafika mahali ambapo kiendelezi hakifiki.

Mara mojamoja ukurasa utagoma. Fomu haitumiki, malipo hayapiti, video haichezi. Dawa yake ni kuzima kizuizi kwa tovuti hiyo peke yake, kumaliza shughuli, na kukiwasha.

Wengine huogopa kwamba kizuizi kitawaingiza matatani na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wakikumbuka tangazo la Oktoba 2023 lililowataka watumiaji wa VPN kujisajili. Hivyo ni vitu viwili tofauti. VPN hupitisha mawasiliano yako yote kwenye seva ya mahali pengine. Kiendelezi cha kuzuia hakibadili njia wala hakifichi ulipo. Kinakataa tu kuita baadhi ya anwani. Desemba 2022 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, liliwashauri wananchi wenyewe watumie kiendelezi cha kuzuia matangazo wanapotafuta vitu mtandaoni, kwa sababu matapeli walikuwa wakinunua matangazo yanayojifanya kampuni halali.

Mlinzi anapouza funguo

Kabla ya kukimbilia kupakua, isome ruhusa inayoombwa. Kiendelezi cha kuzuia kwa kawaida huomba kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote. Hakiwezi kufanya kazi bila hiyo, na ruhusa hiyohiyo mikononi mwa mwovu ni dirisha la kila unachokifanya.

Mfano wa kampuni ya Avast unatosha. Iliwaambia watu kwamba programu zake na viendelezi vyake vingewakinga dhidi ya ufuatiliaji. Wakati huohuo ilikusanya historia ya kurasa walizofungua na kuiuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka ilipe dola milioni 16.5 na kuizuia isiuze tena data hiyo kwa ajili ya matangazo.

> Ruhusa inayokiwezesha kiendelezi kukukinga ndiyo inayoweza kukuuza.

Chagua chenye msimbo ulio wazi na historia inayojulikana. Kimoja kinatosha; kurundika vitano hakuongezi usalama, kunaongeza tu idadi ya wenye ruhusa.

Mwenye gesti naye ana hoja

Upande wa pili usipuuzwe, maana una watu wa hapahapa. Bagamoyo inaishi kwa wageni. Wapo wenye gesti na hoteli ndogo za ufukweni, waongoza watalii wa Kaole na Mji Mkongwe, wachoraji na wachongaji, wasanii wanaotoka chuo cha sanaa cha TaSUBa wakitafuta kazi. Hawana fedha za tangazo la televisheni. Kwa kiasi kidogo wanaweza kuwafikia watu wa Dar es Salaam wanaopanga mapumziko ya wikendi, na mtandao unawaahidi kuwapelekea hao tu, si mtu wa Mbeya asiye na mpango wa kuja. Kwao ufuatiliaji ni njia ya kutotupa hela.

Vyombo vya habari vina hoja nzito zaidi. Nakala za karatasi zinapungua, wasomaji wamehamia kwenye simu na hawalipi, na tangazo ndilo linalomlipa mwandishi. Kila anayezuia tangazo anasoma kazi iliyogharamiwa na mwingine. Naichukua hoja hii kwa uzito wote, kwa sababu ndiyo inayolipa mishahara ya watu wanaoandika makala kama hii.

Ila inachanganya vitu viwili. Tangazo si lazima liwe na upelelezi ndani yake. Habari kuhusu tamasha la Bagamoyo inaweza kubeba tangazo la hoteli ya Bagamoyo bila yeyote kujua msomaji ni nani. Magazeti yaliishi hivyo kwa zaidi ya karne.

Na imejaribiwa upya. STER, wakala wa matangazo wa utangazaji wa umma nchini Uholanzi, uliacha vidakuzi vya ufuatiliaji mwanzoni mwa 2020 na kuuza matangazo kulingana na maudhui ya ukurasa. Mapato yake ya mtandaoni ya Januari na Februari mwaka huo yalizidi ya miezi hiyo mwaka uliotangulia kwa zaidi ya nusu. Sababu moja ni kwamba fedha zilizokuwa zikiishia kwa madalali wa katikati zilibaki kwa mwenye chombo. Uholanzi si Tanzania, na STER ni mkubwa. Lakini anayesema haiwezekani anapaswa kwanza kueleza ni kiasi gani cha shilingi ya mtangazaji kinachofika kwa gazeti lake leo, na kiasi gani kinabaki njiani.

Sheria ipo, macho ya kutazama yaongezwe

Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wasajiliwe, na inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya kibiashara. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya Mkurugenzi Mkuu Emmanuel Mkilia, ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024.

Sheria yenyewe imeshapimwa mahakamani. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na wakili Tito Magoti, iliona baadhi ya vifungu vyake vina utata na ikataka virekebishwe.

Madhara ya taarifa kutoka mikononi mwa mtu yalionekana wazi kwenye mikopo ya simu. Watu waliopakua programu za mikopo waliruhusu zisome orodha ya namba zao, na walipochelewa kulipa, ndugu, mabosi na majirani wakaanza kutumiwa ujumbe wa kuwadhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kenya, Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya Mulla Pride shilingi za Kenya 2,975,000 mwaka 2023 kwa kutumia namba za watu ambao hawakukopa chochote.

Kiendelezi cha kivinjari kisingemsaidia hata mmoja wa waathirika hao. Programu ya mkopo haipiti kwenye kivinjari. Iliingia simuni kwa ruhusa ya mwenyewe, akiwa na shida, usiku, mtoto akiumwa. Hapo ndipo kazi ya serikali inapoanzia, kwa kuwa hakuna kitufe cha kubonyeza.

Ufuatiliaji wa kwenye kurasa unadai nguvu hiyohiyo ya sheria. Mzigo wa kujikinga umeachwa kwa msomaji mmojammoja, atafute kivinjari kingine, ajifunze DNS, asome ruhusa kwa Kiingereza. Mwenye elimu na muda atafanikiwa. Wengine wataendelea kulipa.

Tume inaweza kuanza na kundi dogo: tovuti za habari, za ajira, za mikopo na za serikali zinazotembelewa zaidi nchini. Kila moja itakiwe kueleza kwa Kiswahili, kwenye ukurasa wa mbele, ni kampuni zipi zinaitwa msomaji anapofungua, zinachukua nini, na taarifa hizo zinakwenda nchi gani. Kitufe cha kukataa kiwe na ukubwa sawa na cha kukubali, na anayekataa asome habari ileile. Vyombo vya habari viwe vya kwanza kuulizwa, likiwemo gazeti hili, na majibu yetu yachapwe.